Shaba inakubali, magnesiamu inakataa: historia ya kukunja madini, kuanzia Katanga



Leo tuongee juu ya kitu yenye watu mingi wanaona ni kidogo: kukunja. Kila mtu wa Likasi amekwisha kuona fundi wa mbabula. Anachukua tôle ya pipa ya zamani, anaikata, anaipiga nyundo, anaizungusha, anakunja mpaka wake. Jioni mama mmoja anaondoka na jiko. Hakuna mwenye anajiuliza: kwa nini ile tôle ilikubali? Kwa nini haikupasuka? Na kwa nini kuna madini ingine, magnesiamu, yenye ukiikunja vile vile mu baridi inapasuka mbele hujamaliza kona ya kwanza?

Mu dunia ya leo kuna watafiti wenye wanapitisha miaka yao yote kwa swali hii moja: tôle ya magnesiamu inageuka umbo namna gani, na inavunjika wapi? Wanaandika modeli, maana yake hesabu yenye inasema mbele ya wakati kile madini itafanya chini ya presse. Ukisoma kazi zao unafikiri ni mambo ya mbali sana. Haina mbali. Historia ya ile swali inapita hapa kwetu, na inapita mbele ya Union Minière, mbele ya treni, mbele ya Jadotville.

Mutaniuliza: wewe wa agronomie, unatafuta nini mu madini? Jibu iko mu udongo.

1. Neno plastiki lilianza na udongo

Wenye walifanya kozi ya pédologie wanajua jina la Atterberg. Albert Atterberg alikuwa mukemia wa Sweden, kazi yake ilikuwa ya kilimo: mbegu na udongo. Mwaka 1911 alichapisha utafiti wake juu ya udongo wa mfinyanzi. Alionyesha kwamba udongo moja unaweza kuwa na tabia tofauti. Ukiwa mukavu unavunjika. Ukiongeza maji kidogo unakubali umbo na unabaki nalo. Ukiongeza mingi unatiririka. Ile hali ya katikati njo tunaita plastiki. Na kati ya hali moja na ingine kuna mpaka wenye unaweza kupima.

Watengenezaji wa matofali wa kwetu wanajua jambo hii kwa mikono. Udongo wa kichuguu mukavu unapasuka, wenye maji ya kadiri unaingia mu forma na kubaki.

Madini nayo ni vile. Ukivuta waya kidogo na kuiachilia, inarudi mahali pake, kama mpira. Ile ni elastiki. Ukiivuta zaidi, inapita mpaka: inabaki ndefu, hairudi tena. Ile ni plastiki. Ukizidisha bado, inakatika. Mutu yeyote mwenye anataka kutengeneza kitu na madini anafanya kazi mu ile nafasi ya katikati, kati ya kurudi na kukatika. Kwa udongo, maji njo inafungua ile nafasi. Kwa madini, moto njo unaifungua. Na watu wa Katanga walijua moto.

2. Walaji wa shaba

Mu bonde la Upemba, karibu na ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua pale makaburi ya zamani sana, na kisha mu miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi. Walikuta vyungu, vyombo vya chuma, na shaba: shanga, minyororo midogo, waya zenye kusokotwa vizuri. Yote ya zaidi ya miaka elfu moja tokea leo, ao karibu yake. Mu makaburi ya nyuma kidogo kukaanza kuonekana misalaba midogo ya shaba, yenye kuwekwa pamoja na marehemu. Kadiri miaka ilivyopita, ile misalaba ilikuwa midogo zaidi na yenye kufanana zaidi kwa ukubwa. Wataalamu wanasema ni alama ya kwamba ilikuwa imeanza kutumika kama feza.

Misalaba mikubwa ya nyuma njo ile tunaita croisettes. Zingine zilifika karibu sentimita 20. Mwaka 1960, wakati Katanga ilijitenga, waliweka misalaba mitatu mu bendera. Watu mingi wanajua bendera, lakini hawajui kazi yenye ilikuwa nyuma ya ile msalaba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kisha mavuno ya masaka, wakati wa ukame, mvua imekwisha na mashamba inapumzika, watu walikuwa wanaondoka kwenda kuchimba. Malachite, ile jiwe ya kijani, walikuwa wanaitoa mu vilima. Namna gani walijua vilima vyenyewe? Hapa ninyi wa agronomie mufungue macho. Kilima chenye shaba mingi hakina miti mikubwa, udongo wake ni sumu kwa mimea mingi. Lakini kuna mimea michache yenye inapenda pale, na moja ni Haumaniastrum katangense, maua kidogo ya rangi ya zambarau. Mubotaniste François Malaisse na wenzake walionyesha kwamba yale maua inaota hata mahali kulikuwa tanuru za zamani, kwa sababu mabaki ya shaba iko bado mu udongo. Archéologues wanayafuata kwa kutafuta tanuru. Mumea moja unakuwa archive.

Tanuru ilikuwa ya udongo wa kichuguu, makala ya miti ya miombo ndani, mivukuto ya ngozi pembeni. Shaba inayeyuka kwa digrii 1085. Kuifikisha pale na makala na pumzi ya mikono, haina mchezo. Shaba yenye kutoka walikuwa wanaiyeyusha tena, wanaimimina mu forma ya msalaba. Mwaka 1926, Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maandiko yake juu ya ile kazi na kuyaita « Les mangeurs de cuivre du Katanga », walaji wa shaba. Jina lile lilitoka mu namna ya kusema ya wenyewe: kwenda kuchimba mukuba ilikuwa kwenda kuula. Kula, kwa sababu ile shaba ilikuwa inalipa mahari, inalipa kodi ya mukubwa, inaleta chumvi na nguo.

Mpaka hapa ni kuyeyusha na kumimina. Bado hatujafika kwa kukunja.

3. Bayeke na waya

Katikati ya karne ya 19, watu wa Sumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, walifika huku kwa biashara. Mukubwa wao alikuwa Ngelengwa, mwenye tunajua kwa jina la M'siri. Alijenga Bunkeya, na utawala wake ulisimama juu ya shaba, pembe za tembo, bunduki na, tusifiche, watumwa. Bayeke walikuja na ufundi wao wa kuvuta waya.

Wanachukua nondo ya shaba, wanaipiga nyundo mpaka inakuwa ndefu na nyembamba. Wanachonga ncha yake. Wanaipitisha mu tundu la chuma lenye ni dogo kuliko nondo, wanaikamata na koleo, na wanaivuta kwa nguvu. Kisha tundu ingine, ndogo zaidi. Kisha ingine. Mwishoni kunatoka waya nyembamba yenye wanaizungusha juu ya nyuzi, inakuwa bangili ya mukono ao ya mguu. Hata risasi za bunduki walikuwa wanatengeneza na shaba.

Haina Bayeke peke yao wenye walijua. Kule Ingombe Ilede, Zambia, karibu na mahali Kafue inaingia mu Zambezi, mwaka 1960 walifukua makaburi ya zamani kuliko Bayeke kwa karne nzima na zaidi, na ndani mulikuwa misalaba ya shaba, waya, na vyombo vyenyewe vya kuvuta waya. Mufundi alizikwa na kazi yake.

Sasa musikie siri. Kila mara unapopitisha shaba mu tundu, inakuwa ngumu. Pita moja, pita mbili, pita tatu, na kisha inakataa: ukilazimisha, inakatika. Fundi anafanya nini? Anairudisha mu moto. Haiyeyushi, anaipasha tu mpaka iwe nyekundu, na inalainika tena. Kisha anaendelea. Ukimuuliza mwanafunzi wa polytechnique, atakuambia: ya kwanza inaitwa écrouissage, ya pili inaitwa recuit. Fundi hakuwa na yale maneno. Lakini alijua ni mara ngapi anaweza kuvuta mbele ya kurudi mu moto. Ile ilikuwa modeli yake. Ilikuwa mu mikono na mu masikio, na alikuwa anaipitisha kwa mutoto wake, ao kwa mwenye kuingia mu kazi.

4. Kule Paris, mu miaka ile ile

Mwaka 1864, wakati utawala wa M'siri ulikuwa unapanda, injenia mumoja wa Paris, Henri Tresca, alikuwa anasukuma madini na presse ili aone inapita namna gani mu tundu. Alikuta kwamba madini inaanza kutiririka wakati nguvu ya kutelezesha inafika kadiri fulani. Aliandika ile kadiri kama sheria. Musikose kuona: fundi mu Katanga na injenia mu Paris walikuwa mbele ya swali moja, madini mu tundu. Tofauti ni kwamba moja aliandika.

Kisha Tresca wengine wakafuata. Mwaka 1913 Richard von Mises akatoa sheria ingine, yenye wanafunzi wa polytechnique wanatumia mpaka leo. Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mtu kwa upande wake, walieleza kile kinapita ndani. Madini imepangwa kama karata, tabaka juu ya tabaka za atomu. Tabaka hazitelezi zote mara moja. Kuna kasoro ndogo, dislocation, yenye inatembea ndani kama mukunjo mu mukeka: haukokoti mukeka muzima, unasukuma mukunjo tu. Kila unapopiga nyundo, zile kasoro zinaongezeka, zinafungana, zinazuiana. Njo maana shaba inakuwa ngumu. Ukiipasha moto, zinapungua, na shaba inalainika.

Basi mufundi wa Bayeke alikuwa anatengeneza kasoro na kuzifuta, kila siku.

5. Na magnesiamu?

Sasa turudie swali ya mwanzo. Mu shaba, zile karata zimepangwa kwa namna yenye inaacha njia 12 za kuteleza. Ili kipande kidogo cha madini kiweze kubadili umbo namna yoyote bila kupasuka, kinahitaji njia 5 zenye hazitegemeani. Shaba inazipata bila shida. Unaweza kuivuta, kuikunja, kuipiga, inakubali.

Magnesiamu imepangwa tofauti, kwa pembe sita. Mu baridi, njia yenye inafunguka mwepesi ni moja: tabaka za chini, na zinatoa njia 2 tu zenye hazitegemeani. Unahitaji 5, uko na 2. Njo maana inapasuka. Tena, wakati unaipitisha mu laminoir ili iwe tôle, zile tabaka zinalala zote karibu sawasawa na uso wa tôle, kama majani mu kitabu. Sasa jaribu kupunguza unene wa kitabu kwa kutelezesha kurasa zenye zimelala. Haiwezekani.

Iko na tabia ingine ya ajabu. Ukiivuta tôle ya magnesiamu, inapinga na nguvu fulani. Ukiisukuma kwa upande ule ule, inakubali mbele, wakati mwingine kwa karibu nusu ya ile nguvu. Sababu ni kwamba kwa kusukuma, vipande vya ndani vinajigeuza karibu digrii 86 kwa mara moja, kama mtu mwenye anageuka mu kitanda. Kwa kuvuta, havigeuki vile. Modeli za zamani, kama ile ya Rodney Hill ya mwaka 1948, zilifikiri kuvuta na kusukuma ni sawa. Kwa magnesiamu zikashindwa. Njo watu kama Oana Cazacu na Frédéric Barlat, mu miaka ya 2000, wakaandika sheria mupya yenye inakubali ile tofauti.

Na dawa ni gani? Moto, bandugu. Ukiipasha tôle ya magnesiamu digrii 200 na zaidi, njia zingine za kuteleza zinafunguka, na inakunjika. Somo moja na ya mufundi wa Bunkeya, hata kama kazi ya moto ndani haifanani kabisa.

Kwa nini wanasumbuka hivi? Kwa sababu magnesiamu ni nyepesi: sentimita moja kibiki ni gramu 1,74, aluminiumu ni 2,7, shaba ni karibu 9. Motokari nyepesi inakula mafuta kidogo, ao batri kidogo. Lakini mpaka leo magnesiamu mingi inamiminwa mu forma, kama misalaba yetu. Kuikunja mu tôle kungali ni shida.

Na musifikiri magnesiamu haiko kwetu. Iko mu dolomie, ile jiwe yenye inakaa pamoja na shaba mu miamba ya Katanga. Siye wa kilimo tunaijua: dolomie yenye kusagwa tunaitia mu udongo wenye asidi, na magnesiamu njo iko katikati ya kila chembe ya chlorophylle, inafanya majani kuwa kijani. Mu usine, dolomie ni adui, inakula asidi yenye ilipaswa kuyeyusha shaba. Kwa mkulima ni dawa. Kitu kimoja, macho mbili.

6. Mahali kamba ilikatika

Tarehe 20 desemba 1891, M'siri aliuawa na kapiteni Omer Bodson, wa expédition ya Stairs. Mwaka 1892 mujiolojia Jules Cornet alipita huku na kuandika juu ya vilima vya shaba. Mahali mingi zaidi alikuta mashimo ya zamani. Maana yake, wazee walikuwa wamekwisha kumwonyesha njia. Mwaka 1906 Union Minière ikazaliwa. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka mu usine ya Lubumbashi. Kisha ikafuata Panda, na mwaka 1929 Shituru, hapa kwetu, na electrolyse yake.

Tanuru za kichuguu zikazimika. Walaji wa shaba wakawa wafanyakazi, ao wakarudi mu mashamba. Na shaba yenyewe ikapanda treni na meli mpaka Ubelgiji, kwa usine kama za Hoboken na Olen. Kule njo ilikuwa inakuwa waya na tôle.

Ona vizuri kitu yenye ilipotea. Haina kuchimba: kuchimba kuliongezeka. Haina kuyeyusha: tulifanya kwa ukubwa zaidi. Yenye ilipotea ni sehemu ya mwisho, kugeuza umbo. Ile nafasi kati ya kurudi na kukatika, yenye mufundi wa Bayeke alikuwa anaijua mara ngapi avute, ikatoka mikononi mwetu. Ni kweli kisha kulikuwa LATRECA kule Lubumbashi, jina lake lilikuwa linasema laminoirs, tréfileries et câbleries. Lakini ilikuwa kidogo sana mbele ya shaba yenye ilikuwa inaondoka.

Na leo? Mwaka 2024 Congo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili mu dunia nyuma ya Chile. Simama siku moja kwa barabara ya Kasumbalesa, utaona cathodes zikienda. Kisha ingia kwa quincaillerie yoyote mu mji, uliza waya ya umeme imetoka wapi.

7. Basi siye tufanye nini?

Sitaki kumaliza na kilio, kwa sababu kuna kitu kimoja kimebadilika. Wakati wa Tresca, kuuliza hii swali kulikuwa kunahitaji presse kubwa na feza ya serikali. Leo sehemu kubwa ya kazi iko mu ordinateur. Kuna programu za bure. Code_Aster ya EDF, kule Ufaransa, kila mtu anaweza kuichukua. DAMASK ya Institut Max-Planck ya Düsseldorf inahesabu namna vipande vya ndani vinateleza na kugeuka, pamoja na magnesiamu. Mwanafunzi wa Likasi mwenye ordinateur na umeme wa masaa machache anaweza kujifunza ile ile yenye wanajifunza kule.

Ile haitajenga usine. Tusidanganyane. Modeli bila majaribio ni kama plan ya shamba bila mbegu. Inahitaji mashini ya kuvuta vipande, inahitaji mwalimu, inahitaji mtu wa kununua bidhaa. Lakini siku usine ya waya itakuja, swali ya kwanza itakuwa: nani hapa anajua madini inakataa wapi? Kama jibu ni « tuite mtu wa inje », tutakuwa tena wenye kubeba nondo mpaka kwa tundu, mwingine njo anavuta.

Kwa wenye wako mu TFC na mémoire: nendeni kwa fundi wa mbabula na kalamu. Muulize kwa nini anachagua tôle ya pipa hii na anaacha ile, anapiga nyundo mara ngapi mbele ya kuipasha moto, anajua namna gani kona itapasuka. Muandike majibu yake na vipimo. Tresca alianza vile, na tundu, presse na daftari. Mikono ya kujua iko kwetu tokea makaburi ya Sanga. Daftari njo lilikosekana.

Kama mzee mumoja kwenu anakumbuka namna baba yake alikuwa anafanya kazi ya shaba, mumuulize mapema, mbele ile modeli nayo haijazikwa.